Viza ya Ausbildung Ujerumani Ukiwa Moshi au Arusha: Mwongozo Kamili, Kuanzia Cheti cha Kuzaliwa Hadi Kadi ya Ukaazi

Wengi wanaoniandikia baada ya kunyimwa viza ya Ujerumani huanza na swali moja: "Hivi ubalozi unataka nini?" Nikiwaomba wanitumie makaratasi yao, tatizo huonekana kabla sijafika ukurasa wa tatu. Pasipoti ina jina hili, cheti cha kidato cha nne kina jingine. Mkataba una nembo nzuri lakini anwani ya mwajiri haipatikani popote. Cheti cha Kijerumani kimetolewa na darasa la mtaani ambalo halitambuliki.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Usiruke hatua hata kama rafiki yako aliruka akafika.

## Tunazungumzia viza gani

Ausbildung ni mafunzo ya ufundi yenye mkataba na posho ya kila mwezi. Muda mwingine unakuwa kazini, muda mwingine darasani. Huchukua miaka 2 hadi 3 na nusu kutegemea fani: upishi, hoteli, umeme, useremala, ufundi magari, uuguzi na nyingine nyingi. Kwa kijana wa kidato cha nne au cha sita asiye na shahada, huu ndio mlango ulio wazi zaidi.

Viza yake ni ya kitaifa, aina ya D. Viza ya matembezi ya Schengen, ile ya siku 90, haikuruhusu kufanya kazi wala kuanza mafunzo haya. Mtu akikwambia "ingia na ya matembezi, tutabadilisha ukifika," achana naye siku hiyo hiyo.

Ukiwa tayari na shahada au ufundi uliosomea, kuna njia nyingine ya kutambuliwa kwa cheti chako: kwa shahada anza kwenye hifadhidata ya anabin, kwa fani nyingi za viwanda na biashara ni IHK FOSA, ofisi ya kutambua vyeti vya nje iliyoko Nürnberg. Hatua za majina, lugha, kuhakiki mkataba na mahojiano zinakuhusu wewe pia.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Kusanya hivi kwanza, vyote halisi, kwenye faili moja:

- Cheti cha kuzaliwa cha RITA
- Namba ya NIDA, na kitambulisho chenyewe kama umekipata
- Pasipoti ya kielektroniki yenye kurasa mbili tupu au zaidi
- Vyeti vya NECTA na vya chuo, VETA ikiwemo
- Cheti cha Kijerumani cha mtihani unaotambulika, kwa kawaida ngazi ya B1 (ya kati)
- Mkataba wa mafunzo uliosainiwa pande zote mbili
- Wasifu wako na barua ya kueleza sababu za kuchagua fani hiyo, kwa Kijerumani
- Uthibitisho wa pesa, kama posho haitoshi
- Bima ya afya ya kuanzia siku ya kufika
- Picha za biometriki, milimita 35 kwa 45

Skani kila kimoja steshenari yenye mashine ya kueleweka, kwa rangi, kurasa zote, kila waraka faili lake. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole imewarudisha watu nyuma wiki kadhaa.

## Hatua ya 1: Linganisha majina, herufi kwa herufi

Nitakaa hapa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu hapa ndipo watu wa Kilimanjaro na Arusha tunapoumia.

Fikiria binti ambaye bibi yake alimwandikisha kliniki kwa jina la ukoo, padri akambatiza jina jingine, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika alivyosikia, na karani wa NIDA akapanga anavyojua yeye. Ana miaka ishirini na ana majina manne: Joyce na Joice, Massawe na Masawe. Mtaani hakuna anayejali. Lakini ofisa anayefungua faili lake hamjui bibi wala padri. Mbele yake kuna watu wawili, na hajui ni yupi anayeomba viza.

Fanya hivi. Chukua karatasi, chora safu tano: cheti cha kuzaliwa, NIDA, kidato cha nne, chuo, pasipoti. Andika jina lako kamili kwenye kila safu kama lilivyo, pamoja na mpangilio wake, vifupisho na herufi zilizojirudia. Chini yake andika tarehe ya kuzaliwa na mahali pa kuzaliwa. Zungushia duara jekundu kila tofauti.

Kisha amua waraka wa kufuata. Kwa kawaida chagua cheti cha shule, kwa sababu ndicho kigumu zaidi kubadilisha, halafu lete vingine kwake. Kosa la cheti cha kuzaliwa linaanzia RITA, la kitambulisho linaanzia ofisi ya NIDA ya wilaya. Pale ambapo umebadilisha jina kweli, kiapo cha wakili peke yake ni chepesi. Tengeneza hati ya kubadili jina na uisajili kwa Msajili wa Hati.

Tahadhari: usitengeneze pasipoti kabla ya kumaliza kazi hii. Pasipoti ikitoka na kosa, umelinunua kosa hilo kwa pesa yako.

Umefanikiwa ukiona: safu zote tano zinasomeka sawa, au kila tofauti iliyobaki ina hati iliyosajiliwa inayoieleza.

Fomu za Kijerumani hutenganisha jina la ukoo na majina ya kupewa. Andika kila mahali kama pasipoti ilivyotenganisha, hata kama nyumbani mnapanga vingine.

## Hatua ya 2: Pasipoti

Maombi huanzia kwenye tovuti ya huduma za kielektroniki za Uhamiaji, kisha unapeleka fomu iliyochapishwa na viambatisho ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, Moshi mjini au Arusha mjini. Ada ni shilingi 150,000 kwa jumla, nayo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu pesa mkononi. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji ifuatilie mapema. Mtendaji akiwa safarini unaweza kupoteza wiki nzima.

## Hatua ya 3: Kijerumani, na mtihani unaohesabika

Ngazi inayotakiwa kwa Ausbildung kwa kawaida ni B1. Kwa mtu anayeanza sifuri, Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni ya Ujerumani, hukadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45. Piga hesabu yako: ukisoma vipindi kumi kwa wiki, hiyo ni miezi minane kwa mwepesi na zaidi ya mwaka kwa wa kawaida. Anayekuahidi B1 kwa miezi miwili anauza kitu kingine.

Darasa unaweza kusoma popote, hata kwa muongoza watalii mstaafu wa pale mtaani kwenu, na Arusha wapo waliobobea kweli. Mtihani ndio lazima uwe wa taasisi inayotambulika: Goethe, telc au ÖSD. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam. Walioko Arusha wasiisahau ya Nairobi: kupitia Namanga ni safari fupi sana kuliko Dar, ambayo ni zaidi ya kilomita 600. Kagua tarehe za mitihani za pande zote mbili kabla ya kukata tiketi, na uwe na pasipoti mkononi, kwa mpaka na kwa chumba cha mtihani.

Mtihani wa B1 wa Goethe una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100, na unafaulu kwa 60. Ukianguka sehemu moja, unaweza kuirudia hiyo peke yake. Wengi wa kwetu huangukia kusikiliza, kwa sababu wamezoea sauti ya mwalimu mmoja tu. Sikiliza redio za Kijerumani kila siku, hata ukiwa unapika.

## Hatua ya 4: Tafuta mwajiri wewe mwenyewe

Mafunzo mengi huanza Agosti au Septemba, na waajiri huanza kuchagua watu karibu mwaka mzima kabla. Ukianza kuomba Mei kwa ajili ya Agosti hiyo hiyo, hata ukipata mkataba viza haitawahi.

Tumia tovuti ya ajira ya Bundesagentur für Arbeit, ambayo ni wakala wa serikali ya Ujerumani, na tovuti rasmi ya Make it in Germany. Zote ni bure. Omba miji midogo. Vijana wote wanaandika Berlin na München, wakati hoteli za vijijini kule Bavaria na Black Forest ndizo zinazohangaika kupata wanafunzi.

Tuma wasifu wa kurasa mbili, barua fupi inayotaja kampuni hiyo kwa jina, na vyeti vyako. Kama umewahi kuwa mpagazi mlimani, umepika kambini, umefanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni, iandike. Kwa mwajiri wa hoteli hiyo ina uzito kuliko daraja lako la kidato cha nne.

Kwa uuguzi kuna jambo la ziada: cheti chako cha shule lazima kitambuliwe na mamlaka ya jimbo unalokwenda. Mwulize mwajiri nani anafuatilia hilo, na lini.

Kwa wauguzi mliokwisha hitimu: Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Kanuni ya ajira ya Ujerumani, kifungu cha 38, inasema kuandikisha wahudumu wa afya kutoka nchi hizo ni kazi ya Bundesagentur für Arbeit pekee. Wewe kuomba kwa hiari yako unaruhusiwa. Wakala binafsi anayekusanya wauguzi KCMC au Mount Meru kwa ajili ya hospitali za Ujerumani haruhusiwi.

## Hatua ya 5: Hakiki mkataba kabla ya kushangilia

Hapa ndipo pesa za mbuzi, za kahawa na za mkopo wa VICOBA zinapopotelea. Nimekaa na mama mmoja aliyeuza sehemu ya kihamba, shamba la ukoo, ili mwanawe "alipiwe nafasi". Mkataba aliokuwa nao ulitaja kampuni isiyokuwepo. Sijapata kusahau alivyokuwa akiikunja na kuikunjua ile karatasi. Kwa hiyo naomba usome hapa polepole.

Kwanza, sheria. Kitabu cha tatu cha sheria za hifadhi ya jamii za Ujerumani, kifungu cha 296a, kinasema malipo ya kumtafutia mtu nafasi ya Ausbildung yanaweza kudaiwa kwa mwajiri tu. Si kwa mwanafunzi. Kulipia darasa la lugha, tafsiri, mtihani na ada ya viza ni halali. Kulipia "nafasi" si halali, hata iitwe ada ya usajili au dhamana.

Pili, kampuni. Ingia handelsregister.de, daftari la makampuni la Ujerumani. Kutafuta ni bure tangu 2022. Linganisha jina na mji na ulivyoandikiwa. Wapo mafundi na wakulima wadogo wasiosajiliwa humo. Kwa hao, uliza chemba yao, yaani chombo rasmi cha fani kinachosajili mikataba ya mafunzo. Kisha tafuta namba ya simu ya kampuni mwenyewe mtandaoni, usitumie iliyo kwenye mkataba, na upige. Kijerumani chako cha B1 kinatosha kuuliza: "Mmenipa mkataba, naomba kuthibitisha."

Tatu, mkataba wenyewe. Lazima utaje fani, tarehe ya kuanza na kumaliza, posho ya kila mwaka wa mafunzo, saa za kazi, likizo na kipindi cha majaribio. Kwa fani za kawaida, majaribio ni mwezi 1 hadi 4; uuguzi una utaratibu wake. Uliza kama umesajiliwa kwenye chemba husika, ya viwanda au ya mafundi, na uombe nakala yenye uthibitisho huo.

Nne, posho. Kima cha chini cha kisheria kwa walioanza 2025 ni yuro 682 kwa mwezi mwaka wa kwanza, na kwa wanaoanza 2026 ni yuro 724. Fani nyingi hulipa zaidi. Mkataba unaokuahidi yuro 3,000 ukiwa mwanafunzi wa upishi ni wa kutiliwa shaka kwa sababu hiyo tu.

Umefanikiwa ukiona: umezungumza na mtu wa kampuni kwa sauti au kwa video, kampuni imeonekana kwenye daftari au kwenye chemba yake, na hakuna aliyekudai hata shilingi ya nafasi.

## Hatua ya 6: Ziba pengo la pesa

Ubalozi hulinganisha posho yako na gharama za kuishi. Posho ikiwa pungufu, unatakiwa kuonyesha pengo litazibwaje. Njia mbili hutumika sana: akaunti iliyofungwa, inayoitwa Sperrkonto, ambayo hukutolea kiasi maalumu kila mwezi, au barua rasmi ya dhamana ya mtu anayeishi Ujerumani, iliyotolewa na ofisi ya wageni ya mji wake, ile inayoshughulikia ukaazi wa wasio raia. Kiasi kinachotakiwa hubadilika, kwa hiyo soma karatasi ya ubalozi ya mwaka unaoomba.

Kabla ya kukimbilia kukopa, mwulize mwajiri kama anatoa chumba au chakula, na yaandikwe kwenye mkataba. Hoteli nyingi hufanya hivyo, na pengo lote linaweza kufutika. Sheria pia inamruhusu mwanafunzi wa Ausbildung kufanya kazi ya pembeni hadi saa 20 kwa wiki, ila hiyo ni nafuu ya baadaye, usiijengee hoja ya viza.

## Hatua ya 7: Peleka maombi mtandaoni

Tangu Januari 2025 balozi za Ujerumani hupokea maombi ya viza za kitaifa kupitia tovuti ya huduma za kibalozi, digital.diplo.de. Unajaza fomu, unapakia nyaraka, maofisa wanazipitia na kukwambia kilichopungua, ndipo unaitwa.

Orodha ya nyaraka ya ubalozi wa Dar es Salaam ndiyo bosi. Pale inapotaka tafsiri ya Kijerumani, peleka kwa mtafsiri anayekubalika, si kwa programu ya simu. Ukiombwa waraka wa ziada, jibu ndani ya siku chache.

Kama muda ni mdogo, mwajiri anaweza kuomba utaratibu wa haraka kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, kwa yuro 411 na barua yako ya kumruhusu. Ubalozi ukipokea idhini hiyo hukupa miadi ndani ya wiki tatu, na baada ya maombi kukamilika uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu nyingine. Watu wachache sana wanalitaja hili kwa waajiri wao.

## Hatua ya 8: Dar es Salaam na mahojiano

Ubalozi upo Umoja House, katikati ya jiji. Basi la Moshi au Arusha linakushusha stendi ya Magufuli, Mbezi, na kutoka hapo foleni ya kuingia mjini haina huruma. Fika siku moja kabla, ulale.

Beba nyaraka halisi kwa mpangilio wa orodha, nakala zake, na ada ya yuro 75 kwa namna walivyokuelekeza kulipa. Utachukuliwa alama za vidole.

Maswali huulizwa kwa Kijerumani, na si magumu: Kwa nini fani hii? Mji huo uko wapi? Utaishi wapi? Ulimpataje mwajiri? Siku ya kazi itakuwaje? Watu hukosea kwa kukariri. Ofisa akibadilisha swali kidogo, wanajibu swali ambalo hakuliuliza. Fanya mazoezi na mtu atakayekukatiza katikati. Usiposikia, sema hukusikia, uombe arudie; hilo nalo ni Kijerumani.

Usiseme uongo kuhusu wakala, ndugu aliyeko huko au viza uliyowahi kunyimwa. Kunyimwa hakukufungii mlango, lakini kudanganya kunaweza.

Viza ikitoka, isome palepale: jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza na kuisha, na jina la mwajiri au fani. Kosa lolote liseme kabla hujatoka nje ya geti.

## Ukinyimwa

Soma sababu iliyoandikwa. Barua ya kuomba ubalozi uangalie upya, iliyokuwa maarufu zamani, ilifutwa duniani kote tarehe 1 Julai 2025, kwa hiyo usimlipe mtu akuandikie. Kilichobaki ni kwenda mahakamani Ujerumani au kuomba upya ukiwa umerekebisha sababu ile. Kwa wengi kuomba upya ndiyo njia ya busara, mradi mwajiri anakubali kusogeza tarehe. Mpigie siku hiyo hiyo. Waajiri wengi huelewa, lakini ukimya unawaudhi.

## Hatua ya 9: Wiki mbili za kwanza

Ukiondokea KIA kupitia Amsterdam, utahojiwa mpakani Amsterdam, si Ujerumani. Mkataba, bima na anwani yako viwe kwenye begi la mkononi.

Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, jiandikishe ofisi ya wakazi. Utahitaji karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Iombe siku ya kwanza unapopokea ufunguo. Bila kujiandikisha, namba yako ya kodi haina anwani ya kutumwa, na benki nyingi zitakusumbua.

Chagua bima ya afya ya umma, AOK au TK kwa mfano, na umpe mwajiri uthibitisho kabla ya mshahara wa kwanza.

Viza uliyobandikiwa ni ya kuingilia tu na ina tarehe ya kuisha. Omba miadi ya ofisi ya wageni wiki ile ile uliyofika, kwa sababu foleni za miji mingi ni za miezi. Tarehe ikikaribia na kadi haijatoka, omba karatasi ya muda inayoitwa Fiktionsbescheinigung, uiweke pamoja na pasipoti. Kadi ya ukaazi ikija, hakiki jina lako tena, herufi kwa herufi, dhidi ya ile karatasi ya safu tano uliyochora nyumbani.